Dawa Ilikuwa Imefika

Tanurini, 3 Juni

Dada yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kwa hiyo usianze kusoma ukiwa umeshika kifua. Mwandiko huu unaonekana kama umeandikwa juu ya punda kwa sababu mikono inatetemeka. Ni dawa hiyo, siyo ugonjwa. Wenzangu wameniita Jenereta. Nikishika kikombe cha chai wanasema, "Washeni taa, Jenereta limewaka!" Nami nacheka nao, nifanyeje.

Kazi ni ileile. Tunapakua matofali tanuri likiwa bado lina hasira, maana nyapara hawezi kusubiri lipoe. Ukiingia mle nyusi zinanuka kuungua kabla hujagusa kitu. Jioni mgongo hauko tayari kulala wala kukaa.

Nina jambo la kukuchekesha. Unajua kliniki hunitoa damu kuangalia dawa imefikia kiwango gani. Safari hii damu ilionyesha dawa iko chini kidogo. Nilidhani daktari atanigombeza kwamba naitupa, lakini hakunigombeza. Alisema damu inaonyesha dawa ikiwa njiani, na kazi yenyewe iko kichwani. Watu wawili wanaweza kuwa na damu sawa kabisa, mmoja kichwa kimejaa dawa na mwingine kitupu. Yeye na wenzake wana mashine kubwa ya sumaku, na walikuwa wanatafuta watu wenye ugonjwa kama wangu wa akili kupanda na kushuka, wakubali kupimwa lithiamu, ndiyo hiyo dawa yangu, ndani ya ubongo wenyewe.

Hawapasui kichwa, usipige kelele. Nililazwa ndani ya bomba, nikavishwa kitu kama kofia ya pikipiki yenye matundu, kisha mashine ikaanza kugonga kama mafundi bati wako juu ya paa. Daktari alinieleza kwamba mashine kama hizo husikiliza maji ya mwilini, ila hii wameitega isikilize lithiamu, na sauti ya lithiamu ni ndogo mno. Kwa hiyo nisitikisike. Wewe fikiria, Jenereta anaambiwa asitikisike! Walinibana kichwa kwa sponji. Pua yote ikaanza kuwasha palepale.

Majibu yatachelewa, wanachora picha kwa hesabu nyingi.

Sasa habari yenyewe. Bomba la moshi la tanuri limepasuka, wanalibomoa walijenge upya, na sisi tumepewa likizo. Nakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nataka kumwona Mama. Simu usinitafute, ile ya mwisho unajua niliitupia wapi, na daktari anasema barua inanifaa zaidi, inanipa muda wa kusikia ninachosema.

Mdogo wako


Nyumbani, 12 Juni

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Nilimsomea Mama. Akauliza nani huyo anayetetemeka. Nikamwambia ni mwanao. Akasema hana mtoto wa kiume. Usiweke moyoni, siku hizi ndivyo alivyo, hata mimi ananiita Fundi, kama mteja aliyeleta nguo. Jana alinidai suruali.

Kuja, njoo, siwezi kukufukuza kwa mama yako. Lakini sikiliza. Utalala sebuleni. Chumba cha nyuma kimejaa vitambaa, nashona sare za shule mbili na hakuna pa kukanyaga, kwa hiyo usiingie. Mama analala na mimi. Mchana amezoea kupumzika, usimchokoze kwa maswali.

Hiyo ya dawa kuwa chini sijaipenda. Dawa ikiwa chini wewe tunakujua. Watoto wa mtaa huu bado wanacheza mchezo wa wewe kwenye tangi la maji. Mmoja anapanda juu, wengine wanamwambia, "Mjomba, shuka!" Nawafukuza kwa ufagio, wanarudi.

Shemeji yako anakusalimu. Anauliza hiyo kofia ya pikipiki waliacha uondoke nayo?

Dada yako


Nyumbani, 9 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini umefika. Shemeji yako alimwambia kondakta asikuteremshe popote mpaka mwisho wa safari, na alikaa pale stendi mpaka gari lilipokata kona. Amerudi na mkwaruzo shingoni. Anasema si neno.

Naandika ukiwa umetulia, kama umetulia, ili ujue ulichofanya, maana najua hukumbuki vizuri. Ulivunja mlango wa chumba cha nyuma. Ulitoka nje bila shati ukiita majirani waje waone. Ukamvuta Mama hadi uani akiwa na nguo ya kulalia, mzee wa watu, mbele ya mwenye duka na vijana wa gereji. Ulisema nimemfunga kama mbuzi. Mimi. Niliyemwosha asubuhi hiyo.

Nilisimama mlangoni nikawaambia, "Jamani, mtusamehe, ni mgonjwa." Sikuhitaji kumaliza. Mwenye duka alisema, "Tunamjua, ni yule wa tangi." Wakaondoka taratibu kama watu wanaotoka msibani.

Kile ulichokiona hakikuwepo. Lile tangi ulisema lina sumu, ukamwaga maji ya mtaa mzima, na uliiona sumu hiyo kwa macho yako, ina rangi, ina harufu. Uliapa. Hii ni ileile.

Mwambie daktari wako ukweli wote. Mwambie dawa iko chini na umeanza tena kuona vitu. Akuongezee dawa. Na usije hapa mpaka nikuite.

Dada yako


Tanurini, 16 Julai

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya toroli. Nilitamani nyapara aniite tu nipate sababu ya kuiweka.

Mwombe shemeji msamaha. Mwambie mwenye duka pia, ukipata nafasi. Nimemweleza daktari kila kitu kama ulivyosema, kwamba nilikwenda nyumbani nikaona visivyokuwepo nikafanya fujo. Alisema majibu ya kichwani bado, ila akipima habari hiyo na ile damu, hawezi kuniacha hivi. Ameongeza dozi na amenikataza kusafiri.

Sasa nisaidie, maana wewe ulikuwepo na una kichwa kizima. Nataka unitenganishie. Nitaandika nilichokiona, na wewe uniambie kipi kilikuwepo na kipi nilikitunga.

Niliona komeo jipya upande wa nje wa mlango. Nikaona kitanda cha chuma cha Mama kiko mle ndani, hakuna kitambaa hata kimoja cha sare. Mama amelala juu ya godoro bila shuka. Mkono wake wa kulia umefungwa kwenye chuma cha kichwani kwa utepe wa buluu. Utepe huo ulikatwa kwenye pazia la sebuleni, nililoliweka mimi mwenyewe kabla sijaondoka, kwa sababu asubuhi niliona pazia limepungua upande mmoja nikajiuliza. Na utepe ulikuwa umepindwa pindo. Kote kuwili, kwa cherehani, vizuri. Hapo ndipo ninapokwama. Nawaza, kichwa kinachotunga kingehangaika kushona pindo?

Nilipoanza kufungua, Mama alinishika kidole akasema, "Usimwambie Fundi."

Niambie hata moja tu, dada. Ukisema komeo lilikuwepo lakini utepe haukuwepo, nitashukuru. Nikijua mpaka uko wapi, nitakaa upande wangu.

Mdogo wako


Tarehe 19 Julai

Mpwa wangu,

Mimi si mtu wa barua, maisha yangu nimeyamalizia kwenye usukani wa lori, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Nimesikia uliyoyasema uani kwa dada yako. Yamenifikia kwa midomo mingi na kila mdomo umeongeza chumvi. Wengine wanasema ulimkuta mama yako amefungwa mnyororo, wengine wanasema wewe ndiye uliyetaka kumfunga. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja. Nina chumba kimekaa bure tangu wanangu waondoke, na gari langu bovu lakini linafika.

Nimemwuliza dada yako, akalia, akasema wewe ni mgonjwa. Siwezi kuingia nyumba ya mtu kumchukua mama yake kwa maneno ya mgonjwa, nitaonekana mchawi. Lakini wewe nakujua tangu unanyonya. Niambie kwa mkono wako, uliona au hukuona? Ukisema uliona, nakwenda Jumamosi hiyohiyo na yeyote asinizuie. Ukisema hukuona, nanyamaza, na sitaki kusikia tena habari hii mpaka nife.

Mjomba wako


Nyumbani, 22 Julai

Mdogo wangu,

Unaniomba nikutenganishie. Haya. Komeo halikuwepo. Godoro lina shuka, la maua. Pazia ni zima, njoo uhesabu mikunjo. Hakukuwa na utepe. Mama hakukwambia kitu, alikuwa analia kwa sababu mwanamume asiye na shati amemvunjia mlango.

Pindo, unasema. Dada yako ni fundi cherehani, umelala nyumbani kwake siku tatu ukisikia cherehani asubuhi mpaka jioni. Kichwa chako kingeshona nini, viatu?

Najua Mjomba amekuandikia. Fikiri kabla hujamjibu. Akija na lile gari lake amchukue Mama, atampeleka kwa nani? Yeye mwenyewe hawezi kujifunga kamba za viatu. Mama atatoka mlango wa nyuma siku ya kwanza na tutamwokota barabarani. Na mimi nitabaki mtaa huu nikiwa binti aliyemfunga mama yake. Sare za shule nitapewa na nani? Shemeji yako ana mama na dada zake, wanasubiri sababu tu ya kunifukuza.

Yote hayo kwa sababu ya damu iliyopungukiwa na dawa.

Sikuombi uongo. Nakuomba uandike anachojua daktari wako: dawa ilikuwa chini, ukaona visivyokuwepo, umeongezewa dozi, umekatazwa kusafiri. Usiweke mambo ya pindo, utamchanganya mzee.

Mama hajambo. Leo asubuhi alitaja jina lako. Alisema, "Yule mrefu amekula?"

Dada yako


Tanurini, 28 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sikuona. Nilidhani nimeona. Dawa ilikuwa chini, nikaumwa, nikamvunjia dada mlango na kumdhalilisha mbele za watu. Dada yangu hana kosa, anamtunza Mama vizuri. Daktari ameniongezea dawa na amenikataza kusafiri. Nisamehe kwa kukutia wasiwasi. Ukisikia watu wakisema mengine, wasomee barua hii.

Mpwa wako


Nyumbani, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Mjomba amenipitia. Alikuwa na barua yako mfukoni, akaisoma kwa sauti hapo sebuleni, shemeji yako yupo. Alimwangalia Mama kidogo akiwa kwenye kiti, akanywa chai, akaondoka. Aliniomba radhi. Mtu mzima vile, akaniomba radhi mimi.

Umefanya jambo la kiume. Pumzika sasa, meza dawa zako. Usijali kunijibu haraka, nina sare za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, hata kukaa chini sipati.

Dada yako


Tanurini, 30 Agosti

Dada,

Sijui nianzie wapi. Nianzie na matapishi.

Tangu niongezewe dozi nimekuwa nikitapika karibu kila siku, nikidhani ni joto. Mikono ikaacha kutetemeka ikaanza kurukaruka. Nilidondosha toroli zima la matofali mguuni kwa fundi moto, yule anayechochea tanuri, akanitukana mpaka akakosa matusi akaanza kuyarudia. Nyapara akasema Jenereta limekufa, kalizikeni. Nilikuwa natembea kama mlevi, na maneno yanatoka yamelala. Wenzangu ndio walionibeba mpaka hospitali.

Kumbe majibu ya kichwani yalikuwa yametoka siku hiyohiyo. Daktari aliponiona nimeletwa hivyo alikimbia, mwanamke mfupi yule, sijawahi kumwona akikimbia. Walinitundikia maji. Nilipopata nafuu alikuja na picha akakaa kitandani kwangu.

Dada, ni kichwa changu kimekatwa kama tikiti, kimepakwa rangi. Buluu ni mahali dawa ni kidogo, njano ni ya kutosha, nyekundu imejaa. Kichwa changu hakina buluu. Ni njano na nyekundu kama tanuri lenyewe. Daktari alisema damu yangu ilikuwa inadanganya, kwangu mimi dawa haikai kwenye damu, inakwenda kichwani inatulia huko. Alisema, "Tulikuwa tunamimina kwenye pipa lililojaa. Tungeendelea tungekuua." Alikuwa amejikasirikia. Akaniuliza ni nani aliyesema nilikuwa nimeanza kuona vitu. Nikasema ni mimi.

Halafu nikamwuliza picha hii ni ya lini. Akasema ni ya siku ile niliyovishwa kofia, kabla ya likizo. Kabla sijaja nyumbani, dada. Dozi ileile niliyokuja nayo, nikaimeza mbele yako kila jioni, wewe mwenyewe uliniletea maji.

Nikamwuliza, "Mtu mwenye kichwa kama hiki anaona visivyokuwepo?" Alisema mashine inapima dawa tu, haiwezi kusema niliona nini. Lakini kwa kiwango kile, na kwa jinsi nilivyokuwa nikizungumza naye kabla ya safari, haoni sababu ya kuamini nilikuwa nimepanda. Alisema, "Ulikuwa mzima."

Nimeliota neno hilo tangu nikiwa kijana. Nilidhani siku nitakayoambiwa nitacheza. Nilikaa na ile picha mapajani nikakumbuka pindo la ule utepe. Lilikuwa na uzi mweupe.

Sitaki kugombana. Najua Mama ni mzito, najua mchana wako ukoje, nilikaa nawe siku tatu nikaona. Lakini mfungue. Leo hii, ukimaliza kusoma. Nimemwandikia Mjomba leo hiihii kwamba barua yangu ya kwanza aichane, niliona, na niliona nikiwa mzima. Aje na gari. Nami nikiruhusiwa kusafiri tu nakuja, nitakaa na Mama mimi. Kazi ya tanuri si ya kuililia.

Mwambie Mama yule mrefu amekula.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Mama tulimzika tarehe 14 Agosti.

Sikukuita. Ungekuja ungepiga kelele kaburini. Mjomba aliuliza uko wapi, nikamwambia daktari amekukataza kusafiri, akakumbuka barua yako ilisema hivyo hivyo, akatosheka.

Umesema hutaki kugombana, basi tusigombane. Nitakutenganishia sasa, kama ulivyoomba.

Komeo lilikuwepo. Nililiweka baada ya Mama kuwasha jiko akaliacha na kwenda kukaa katikati ya barabara akisubiri watoto watoke shule, watoto wenyewe ni sisi. Shuka halikuwepo kwa sababu alikuwa analichana. Utepe ulikuwepo. Ni wa pazia lako, nilikosa kitambaa kingine laini. Niliupinda pindo ili usimkate mkono. Uzi ulikuwa mweupe, umeona vizuri, una macho makali. Katika watu wote walioingia na kutoka nyumba hii ni wewe peke yako uliyeona pindo, na wewe peke yako ungejua kwamba mtu anayetaka kumtesa mama yake hakai chini kushona pindo.

Nilikwenda kupeleka sare. Nilichelewa, mwalimu mkuu alitaka kuhesabu vifungo vyote. Mama alitaka kushuka kitandani. Mwili ulishuka, mkono ukabaki juu. Nilimkuta hivyo. Nilimfungua kabla sijaita mtu. Shemeji yako anajua. Sasa na wewe unajua.

Watu walinong'ona msibani, wapo walioona alama mkononi alipooshwa. Mjomba akasimama. Akatoa barua yako akaisoma yote kwa sauti mbele ya watu, "Dada yangu hana kosa, anamtunza Mama vizuri." Uliandika wasomewe, wakasomewa. Mwenye duka alinikumbatia. Baada ya hapo hakuna aliyenong'ona.

Barua yako ya pili imemfikia Mjomba. Alikuja nayo hapa. Aliiweka juu ya meza akasema, "Huyu kijana amepanda tena, maskini," akaniachia niitunze. Ninayo.

Sasa unanitumia habari za picha. Njano na nyekundu. Ulikuwa mzima. Nimefurahi kwa ajili yako. Maana miaka yote hii kila ulichovunja tumekiunga, kila uliyemtukana tumemwomba radhi, tukisema si yeye, ni ugonjwa. Hata siku ile ulipomwacha Mama uani ukapanda gari, nilijisemea, hajui anachofanya. Nilikuonea huruma mpaka stendi.

Kumbe ulikuwa unajua. Ulimwona mama yako amefungwa, ukamfungua kwa mikono yako, ukashikwa kidole ukaombwa usimwambie Fundi. Ukiwa na akili timamu. Kisha ukaja kuniuliza mimi, Fundi mwenyewe, kama uliona. Nikakwambia hukuona, na ukakubali. Mjomba alikuwa na gari mlangoni na chumba tupu, anangoja neno moja tu kutoka kwako, mtu mzima, mwenye kichwa kilichojaa dawa. Ukamwandikia sikuona.

Mimi nilimfunga kwa sababu nilichoka. Wewe una dawa yako, una daktari anayekimbia, una mashine nzima ya kusikiliza kichwa chako. Mimi sikupewa hata kidonge cha kutuliza kichwa. Hakuna mtu aliyenipima.

Uliitafuta hiyo picha. Itundike ukutani.

Dada yako


Tanurini, 20 Septemba

Dada,

Nimerudi kazini. Bomba jipya la moshi linavuta vizuri kuliko la zamani, kwa hiyo joto limezidi. Fundi moto amenisamehe mguu wake. Mikono imetulia tangu dozi ipunguzwe. Wamekosa cha kuniita, sasa wananiita jina langu.

Nilikwenda kwa daktari na barua yako mfukoni. Sikumwonyesha. Nilimwuliza kama ile mashine inaweza kukosea. Akadhani naogopa dawa, akanieleza kwa upole jinsi walivyoijaribu kwa chupa zenye lithiamu ya kiwango wanachokijua, kabla ya kila mtu na baada ya kila mtu, na ikasema kweli kila mara. Nikamwuliza kama inawezekana walibadilisha picha, hii ikawa ya mwingine. Akaniambia nguzo ya pua yangu imepinda kidogo, inaonekana pale pichani, hakuna mwingine mwenye pua hiyo. Nikamwuliza kama mtu anaweza kuwa mzima siku ya kupimwa akaumwa akiwa njiani kwenye gari. Hapo akaacha kalamu. Akaniuliza, "Unataka nikwambie nini?"



Nilimwomba anilaze tena kwenye bomba, anipime upya, labda sasa kuna buluu. Akasema haina haja, ninaendelea vizuri. Alinipa mkono. Alisema anatamani wagonjwa wake wote wangekuwa kama mimi.

Sikuandikii kukulaumu. Nimejaribu, inanishinda, kila nikianza naona ule uzi mweupe, na mkono wako ukiusogeza chini ya sindano.

Nakuomba jambo moja, na wewe ni hodari kwalo. Ile barua yako ya Julai, ile ya shuka la maua, niliichoma siku niliporudi na picha kutoka hospitali. Niliitupa tanurini nikiwa nacheka. Naomba uniandikie nyingine kama ile. Andika kwamba komeo halikuwepo, na pazia ni zima. Andika kwamba nilivunja mlango nikakuta sare tu, na Mama alikuwa sebuleni kwenye kiti, na mimi sikujua nifanyalo. Nitukane ukitaka, unitaje na lile tangi. Picha nitampa fundi moto, alisema inafanana na tanuri, ataipenda.

Usiharakishe. Maliza sare kwanza. Lakini uandike, dada. Mimi ni mgonjwa, nitaamini.

Mdogo wako